Siku Tatu Homa Bay za Kutafuta Swali

Mimi nilisoma mpaka darasa la nne nikaacha, na sijutii sana. Kusoma ninasoma, kuandika ninaandika, kama unavyoona. Lori linaloleta omena, dagaa wa ziwani, Migori kutoka Muhuru Bay ni langu. Ghala lililo nyuma ya soko ni langu. Nyumba ya matofali ninamoandikia haya niliijenga mwenyewe, kila mwaka chumba kimoja. Nasema hivyo si kwa kujigamba, ingawa najigamba, bali ujue kwamba ukiniweka chumba kimoja na wasomi ishirini simwogopi hata mmoja. Kilichonikuta Homa Bay hakikuwa woga. Kilikuwa hasira, na sehemu kubwa ya hiyo hasira ilikuwa yangu mwenyewe juu yangu mwenyewe, lakini hilo nitalifikia.

Mke wangu ana saratani ya koo, ile njia ya chakula. Ilianza na nyama kukwama. Halafu ikawa kuon, ugali wetu, hata ukiumega mdogo kama punje. Halafu viazi. Ilipofika mahali pa uji mwepesi na maziwa tu, daktari wa hospitali kubwa alituketisha akatuambia kuna mrija wa waya unaoingizwa ndani ya koo ulipanue, mtu aweze kumeza tena.

"Hauponyi ugonjwa," alisema. "Lakini mama atakula. Msichelewe. Koo likiziba kabisa, hata mrija hautapita."

Akatupa tarehe. Tarehe ikafika, mke wangu akakataa kuingia kwenye gari. Nikadhani ameamka vibaya. Tukapewa tarehe ya pili, akakataa tena. Nilimuuliza sababu, akasema, "Niache." Mchungaji wetu wa kanisa la Sabato akaja, akaomba, akamuuliza taratibu. Akamwambia, "Mchungaji, niache na wewe." Nimekaa na mwanamke huyu zaidi ya miaka thelathini. Hajawahi kuniambia nimwache, hata siku zile nilizostahili.

Uji wenyewe ukaanza kumpa taabu. Anameza, anangoja, anashika kifua, anameza tena. Kikombe kimoja kinakwenda saa nzima. Tarehe ya tatu ilikuwa Jumatatu, na daktari alishasema kwenye simu kwamba baada ya hiyo hatajua la kutuahidi.

Sista wa kliniki hapa Migori, yule anayempima uzito, ndiye aliyeniambia habari ya semina.

"Mzee, Jumanne kuna watu wanakutana Homa Bay, siku tatu. Ni watafiti wa saratani, lakini si wa dawa. Ni wa mawazo ya mgonjwa. Hofu yake, huzuni yake, familia yake. Wanataka pia watu wachache wanaouguza. Niandike jina lako?"

"Wanajua kwa nini mtu anakataa matibabu?"

"Hiyo ndiyo kazi yao kabisa."

"Basi andika. Andika kubwa."

Hapo ndipo nilipokosea mara ya kwanza. Nilisikia kwamba kazi yao ni kujua, nikadhani tayari wanajua. Mtu ukimwita fundi, unatarajia ana nyundo. Nilitaka kitu kimoja tu: mtu mmoja kati yao anipe maneno ya kumwambia mke wangu kabla ya Jumatatu, au apande gari langu aje amwambie mwenyewe. Gari lilikuwa na mafuta.

Hoteli ilikuwa nzuri, karibu na ziwa, viti vimevikwa nguo kama maharusi. Kila mtu alivishwa kadi shingoni. Yangu iliandikwa "Mtaalamu kwa Uzoefu". Sitasema uongo, niliipenda. Nilikuwa sijawahi kuitwa mtaalamu na karatasi. Nikakaa mbele.

Mwendeshaji wa semina, mwanaume mwenye sauti ya redio, akasema tujitambulishe, na kila mtu ataje jambo moja ambalo wenzake hawalijui. Daktari mmoja akasema hajui kuogelea. Mwingine akasema aliwahi kuimba kwaya. Kipaza sauti kikanifikia.

Nikasema, "Mke wangu amekataa matibabu mara mbili. Tarehe ya mwisho ni Jumatatu."

Mwendeshaji akasema, "Asante sana mzee kwa kutushirikisha," akampa kipaza sauti anayefuata, ambaye alikuwa anafuga sungura.

Asubuhi yote ilikwenda kwenye jambo moja: wazo zuri la utafiti linafananaje. Liwe jipya. Liwezekane. Lipimike. Lisiwe pana, lisiwe jembamba. Nilingoja wamalize utangulizi waingie kwenye yenyewe. Saa ya chai nikatambua kwamba yenyewe ndiyo hiyo. Nikamtafuta profesa aliyeongoza, mwanaume wa makamo, mpole, nikamkuta akichagua andazi.

"Profesa, majibu mnatoa lini?"

"Majibu ya nini, mzee?"

"Ya watu kukataa matibabu. Ya mawazo."

"Aa! Hapa hatuko kwa majibu. Hapa tunawasaidia watafiti kupata maswali."

"Swali mimi ninalo."

"Vizuri sana! Ndiyo maana tukakuita."

"Ninataka jibu lake."

"Litakuja na utafiti."

"Utafiti unaanza lini?"

Akahesabu kwa vidole: pendekezo liandikwe, kamati ya maadili ipitishe, mfadhili apatikane. "Tukienda vizuri, miaka miwili. Mitatu."

"Mimi nina mpaka Jumatatu."

Akanishika bega. Nachukia kushikwa bega. Lakini nikasema moyoni, hawa ni watu ishirini, hata kama semina haina jibu, mmoja wao atakuwa nalo mfukoni. Nikalala huko, nikarudi siku ya pili.

Siku ya pili tuligawanywa vikundi. Changu kilikuwa na watu watano. Daktari wa Nairobi aliyekuwa anaangalia simu. Mtaalamu wa hesabu na kompyuta yake. Mtafiti wa kike kutoka Kisumu, mdogo wa umbo, anayetafuna kalamu. Muuguzi mzee wa upande wa Suba, mama mmoja, Mjaluo kama mimi, aliyekuwa anasinzia. Na mimi. Tukapewa karatasi ndogo za rangi zenye gundi, kila mtu aandike swali abandike ukutani. Nikaandika kwa herufi kubwa: KWA NINI ANAKATAA?

Mtaalamu wa hesabu akalisoma, akainamisha kichwa upande. "Ni nzuri, mzee, lakini ni pana. Nani anakataa? Anakataa nini? Tunapima vipi?"

"Mke wangu. Mrija. Kupima sijui, wewe ndiye wa kupima."

"Kuna kipimo kinatumika sana," akasema daktari bila kuinua macho. "Unamwuliza mgonjwa, toka sifuri mpaka kumi, roho yako inasumbuka kiasi gani leo. Anachagua namba."

"Ukimwuliza mke wangu namba atakuambia yuko sawa."

"Hata kama anaumia?"

"Hasa kama anaumia. Na atakuletea chai."

Muuguzi akacheka bila kufungua macho. "Hiyo ni kweli. Kwetu wote wako sawa mpaka unawazika."

Yule wa Kisumu akatoa kalamu mdomoni. Alisema, "Tuache namba kwanza. Baba, nielezee siku moja ya kawaida nyumbani kwenu. Si siku ya hospitali. Siku ya kawaida tu."

Ni mara ya kwanza mtu kuniuliza kitu ninachokijua. Nikamweleza. Naamka saa kumi na moja, naenda ghalani. Yeye anaamka, anakunywa uji wake. Mchana nakula hoteli ya sokoni. Jioni nakula hapo hapo, kisha narudi nyumbani, tunaomba, tunalala.

"Hamli pamoja?"

"Atakula nini? Nimesema hamezi."

"Wewe huli nyumbani?"

"Tangu ashindwe na ugali. Utakaaje unamega kuon na samaki mbele ya mtu ambaye hata mate yanamshinda? Mimi si mnyama. Nilimwambia asipike tena, apumzike. Nikatafuta pa kula."

Nilisema hivyo nikiwa nimenyoosha mgongo. Niliona ni jambo zuri nililolifanya. Ni wanaume wangapi wa rika langu wangefikiria hivyo?

"Akasema nini ulipomwambia asipike?"

"Hakusema kitu."

"Akaacha kupika?"

Nikataka kusema ndiyo, nikakumbuka kwamba si hivyo. Hakuacha mara moja. Wiki ya kwanza nilikuwa nikirudi nakuta sahani imefunikwa mezani. Napita, naenda chumbani, nimeshiba. Asubuhi jirani anapewa kile chakula. Ijumaa moja alipika chakula cha Sabato chote, maharagwe, wali, kuku, mtu asiyemeza amesimama jikoni tangu mchana, nami Sabato hiyo nikaenda kula kwa ndugu yangu baada ya kanisa. Jumatatu yake nikakuta jiko limepoa, na sufuria kubwa zimegeuzwa chini juu. Nikafurahi. Nikasema, sasa amenisikia.

Niliwaeleza hivyo hivyo. Nilipoinua macho, muuguzi hakuwa anasinzia tena.

"Jaduong'," akaniita kwa heshima ya wazee, lakini sauti haikuwa na heshima. "Wewe ni Mjaluo kweli ama ulihamia?"

"Unaniuliza mimi?"

"Nakuuliza wewe. Mwanaume akipita chakula cha mke wake, kila siku, akaenda kula mahali pengine, kwenu mnasema anafanya nini?"

Nikashika kadi yangu ya shingoni, nikaigeuza.

"Waambie hawa. Hawa wengine si wa kwetu, hawajui."

Nilijua. Kila mtu kwetu anajua. Mwanaume hula kwa mke wake. Akianza kuiacha sahani yake, hana haja ya kutamka neno. Amekwisha kusema kwamba amemaliza naye. Kwa baba yangu kulikuwa na wake watatu. Mdogo wao chakula chake kilirudi jikoni bila kuguswa karibu mwezi mzima, na asubuhi moja akafunga vitu vyake, akaenda kwao bila kugombana na mtu. Niliona kwa macho yangu. Jambo hili nalijua kama ninavyojua mguu wangu. Lakini nilidhani ugonjwa umeliondoa. Nilidhani mimi nafanya huruma, na huruma haina mila.

"Na hiyo hoteli unayokula," muuguzi akaendelea, "ni ya nani?"

"Ya mama mmoja."

"Ana bwana?"

"Alikufa."

"Mjane!" Akapiga meza kwa kiganja mpaka daktari akaacha simu. "Asubuhi anapewa uji, jioni bwana yake yuko kwa mjane, na nyumbani ameambiwa jiko si lake tena. Halafu mnamwambia aende akawekwe koo lingine. La kufanyia nini? Akale na nani?"

Yule wa Kisumu alikuwa ameanza kuandika haraka. Mimi masikio yalikuwa yanawaka. Wiki tatu nilikuwa nauliza kila mtu kwa nini anakataa, mchungaji, sista, daktari, na jibu lilikuwa kwenye sahani ile ile niliyokuwa naipita.

Aibu kwangu ikikaa dakika mbili inageuka hasira, ndivyo nilivyo. Nikawaambia, basi andikeni hilo. Hilo ndilo swali. Mgonjwa wa koo, nani anakula mbele yake, nani amemkimbia mezani, na yeye anafikiri nini. Wako wangapi? Wanaume kama mimi wako wangapi? Wako wanaokimbia kwa ubaya na wanaokimbia kwa huruma, na mgonjwa anaona mgongo tu.

"Ni nzuri sana," akasema yule wa Kisumu.

"Lakini tunapima vipi?" akasema wa hesabu. Sijui kama alikuwa na neno lingine.

"Hesabu sahani!" nikamwambia. "Ingia nyumba ya mgonjwa jioni, hesabu sahani zilizo mezani. Mwezi kabla na mwezi baada. Hata mimi wa darasa la nne nitakuhesabia."

Akafungua mdomo, akaufunga, akaandika kitu kwenye kompyuta. Nilifikiri nimemshinda. Kengele ikalia.

Sasa sikia upuuzi wa mchana. Mawazo ya vikundi vyote yalibandikwa ukutani, na kila mtu akapewa vibandiko vitatu vyekundu vya duara apigie kura. Swali letu lilikuwa pembeni karibu na mlango. Watu walijaa kwenye wazo la kikundi kingine, la kuwatumia wagonjwa ujumbe wa simu wa kuwatia moyo kila asubuhi. Nikaenda kwa letu, nikabandika vyangu vyote vitatu.

Mwendeshaji akanifuata. "Mzee, ni kibandiko kimoja kwa kila wazo."

"Ninavyo vitatu."

"Ndiyo, kwa mawazo matatu."

"Mimi nina wazo moja."

Watu wakacheka, na yeye akacheka, akabandua viwili vyangu kwa kucha. Kura zilipohesabiwa, ujumbe wa simu ulikuwa wa kwanza. Letu likachukuliwa likabandikwa kwenye karatasi kubwa ya pembeni waliyoiita pakingi. Nikauliza pakingi ni nini. Profesa akaeleza kwamba ni mahali pa mawazo mazuri ambayo si ya leo.

"Ya lini?"

"Tutayarudia, mzee. Unajua, hili lako lina utajiri mwingi, lakini ni suala la utamaduni wa sehemu moja. Wafadhili wanataka kitu kinachoweza kutumika mahali pengi."

"Nairobi watu hawali?"

"Wanakula."

"Mbele ya wagonjwa wao?"

Akatabasamu. Nikasimama. Nilikuwa sijapewa kipaza sauti lakini mimi nimekulia ufukweni, sauti ninayo. Nikawaambia mama mmoja wa kikundi changu amejua kwa robo saa kitu ambacho mimi sikukijua miezi mitatu, na amekijua kwa sababu mtu alimwacha aulize. Na nyinyi mmekichukua mmekiweka pakingi. Gari likiegeshwa, angalau mwenyewe ana ufunguo. Hili ufunguo wake anao nani? Nikawaambia ujumbe wa simu kila asubuhi ni mzuri, mtumieni na mke wangu, umkute amekaa peke yake na kikombe.

Walipiga makofi. Hicho ndicho kilichoniudhi zaidi ya vyote. Unamtukana mtu, anakupigia makofi, na mwendeshaji anasema, "Asante kwa nguvu hiyo, twende mapumziko."

Siku ya tatu nilikwenda asubuhi tu. Kila kikundi kilikuwa kwenye kompyuta kikiandika pendekezo, na mimi nilipewa kazi ya kusimama karibu nikubali kwa kichwa. Wakataka niseme maneno mawili mbele ya kamera kuhusu jinsi semina ilivyonigusa. Nikavua kadi yangu ya utaalamu nikaiacha mezani. Yule wa Kisumu akanifuata mpaka kwenye gari.

"Baba, lile swali nitaliandika. Hata kama ni peke yangu."

"Lini?"

Akacheka kwa uchovu. "Sijui. Nina kazi nyingine mbili."

Angalau huyo hakunidanganya. Nilimpa mkono nikaondoka kabla ya chakula cha mchana.

Nilimkuta mke wangu nyuma ya nyumba akichambua mboga za kuuza, kwa maana mboga za kula hazikuwepo. Nilikuwa nimetunga maneno njiani tangu Rongo. Yote yakanitoka.

"Pika," nikasema.

"Nimpikie nani?"

"Mimi."

Hakuinua macho. "Hoteli imefungwa?"

"Haijafungwa."

"Mwenyewe amesafiri?"

"Mama watoto, sikuwa naenda kwa mwenyewe. Nilikuwa naona vibaya kula mbele yako. Ni hivyo tu. Hakuna kingine."

Akaweka mboga chini. Alikuwa amekonda mpaka shingo yake ilionekana ndefu. "Nani amekuambia uje useme hivyo?"

"Huko Homa Bay. Wasomi." Sikutaka kusema ni muuguzi aliyekuwa anasinzia.

"Wasomi." Akavuta pumzi, kwa sababu kuongea sana kunamchosha. "Miezi mitatu umelala kitanda kimoja na mimi, na kuniambia hivyo ilibidi uende Homa Bay ukakae siku tatu? Wanawake wa kanisa wananipa pole mbili. Moja ya koo, na moja yako. Ya koo naijibu. Yako nilikuwa najibu nini?"

"Ungeniuliza."

"Wewe ungeniuliza! Uliniuliza kama nataka kupumzika? Uliniambia. Pumzika, pumzika. Nilikuwa na kazi moja iliyobaki ambayo mwili wangu unaiweza, ukaichukua ukampa mtu mwingine."

Akaingia jikoni. Alipika kwa hasira, nilisikia kila kifuniko kikigonga. Akaleta kuon na ngege, yule samaki wetu wa ziwani, wa kuchemsha, akakaa mbele yangu na kikombe chake cha uji.

Nitakuambia ukweli, sijawahi kula chakula kigumu kama kile. Kila tonge nilikuwa naliona linapita kooni kwangu. Nikala nikiangalia meza.

"Inua kichwa," akasema. "Hukuiba."

Nikainua. Alikuwa ananiangalia mkono, jinsi ninavyomega, kama mtu anayeangalia mvua ikinyesha shambani kwake. Uji wake ulikwenda nusu kikombe, ukakwama, akaungoja, ukashuka. Habari ya Jumatatu hakuitaja, nami niliogopa kuitaja. Ijumaa akapika chakula cha Sabato, mimi nikakaa jikoni nikimenya vitunguu ovyo, akinikosoa kila kimoja. Sabato nikamwambia ndugu yangu aje kula kwetu na mke wake. Wakala. Majirani wakaona.

Jumapili jioni akasema, akikunja nguo, "Gari linaondoka saa ngapi?"

"Saa kumi na moja alfajiri."

"Usinicheleweshe kama kawaida yako."

Hospitalini tulikaa kwenye benchi mpaka karibu saa sita. Daktari alipomwangalia alitikisa kichwa, akasema koo limebana sana, wiki tatu hizi tangu tarehe ya kwanza zimemharibia, atajaribu lakini haahidi. Wiki tatu hizo ni zangu. Ninajua hivyo, sihitaji mtu aniambie.

Mke wangu akiwa ndani, simu ikalia. Ni ofisi ya semina. Msichana mwenye adabu akaomba dakika mbili za tathmini.

"Mzee, toka moja mpaka tano, semina ilikusaidia kiasi gani?"

"Lile swali la pakingi limefika wapi?"

"Hilo halimo kwenye fomu yangu, mzee. Toka moja mpaka tano?"

Nilifikiri. Sikupata namba. Ningesema moja ningemdhulumu muuguzi wa Suba, ningesema tano ningemdanganya Mungu nikiwa kwenye benchi la hospitali. "Andika kwamba nimekataa kujibu," nikasema. Akauliza sababu. Nikakata.

Daktari alitoka saa nane akivua glavu. Mrija ulipita. "Kwa shida," akasema, "lakini ulipita."

Baadaye muuguzi wa wodi akaniita na karatasi ya maagizo, mama mmoja mkali, nadhifu. Akanisomea: siku za kwanza vitu vya majimaji. Kisha laini. Ugali uwe mlaini, tonge dogo, na mchuzi. Nyama ngumu marufuku. Atafune sana, akae wima. Akafunga kalamu.

"Nyumbani nani atapika?"

"Yeye mwenyewe."

Akaniangalia toka viatu mpaka kofia. "Mzee. Mke wako ni mgonjwa. Huyu anatakiwa kupumzika. Hamna binti? Hamna mfanyakazi?"

"Tunao."

"Na bado unataka akupikie wewe?"

Watu wawili kwenye benchi wakageuka kuniangalia. Nilijua ninavyoonekana, mzee wa kijijini aliyekuja kudai ugali wake mlangoni mwa wodi.

"Umemuuliza?" nikasema.

"Kumuuliza nini?"

"Kama anataka kupumzika. Ingia umuulize. Mimi nitangoja hapa."

Akasita na karatasi mkononi. Kisha akasukuma mlango, akaingia.